Kinyozi Aliyemtangulia Rais

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba mimi sina malalamiko. Nimefundisha somo la uraia katika shule ya msingi mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuiona serikali yetu ikikosea. Nimewaona tu wananchi wakichelewa kuielewa. Haya ninayosimulia yamempata jirani yangu, Bi Siwema, mjane wa Athmani kinyozi. Nayasimulia kama yalivyotokea, bila kutia chumvi, maana siku hizi hata chumvi ina kibali chake.

Athmani alikuwa na kibanda cha kunyolea kwenye kona ya mtaa wetu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake, kana kwamba ndani yake amejificha mtu mwingine mwenye kitambi. Watoto waliuogopa wembe wake, basi akawatungia wimbo wa kuwatuliza. Ulikuwa mfupi:

Tulia, mwanangu, tulia,
kichwa chako ki mikononi mwangu.
Ukitikisika utajikata,
usiseme ni wembe wangu.

Mtoto aliyeingia akipiga mateke alitoka amebebwa, usingizi umemchukua. Hata sisi watu wazima tulimwomba atuimbie. Siku moja alikuwa akininyoa mimi, Siwema akaleta chai, akatuona tunavyopendeza, akaturekodi kwa simu yake. Katika rekodi ile unausikia wembe ukikwaruza, unamsikia Athmani akiimba, na katikati unanisikia mimi nikisema, "Polepole hapo sikioni, bwana." Naye anacheka. Anacheka kidogo tu, halafu anaendelea kuimba.

Mwaka uliofuata Athmani akaugua kifua, akafa. Siwema akabaki na kibanda kilichofungwa na rekodi ile. Kila alasiri, akishaosha vyombo, aliketi kibarazani, akaibonyeza, akaisikiliza mpaka mwisho. Mara moja tu kwa siku. Alisema akizidisha ataichakaza.

Sasa, kabla hajaugua, Athmani alikuwa amemnyoa mgeni mmoja kutoka makao makuu ya chama tawala. Mgeni yule aliupenda wimbo, akauliza kama una mwenyewe. Athmani akajibu kwa adabu, "Ni wetu sote, mheshimiwa." Adabu ndiyo iliyomponza.

Maana kampeni zilipoanza, Mheshimiwa Rais wetu, ambaye alikuwa amekwisha kutuaga mara kadhaa, na kila mara wananchi wakamkatalia kabla hawajaulizwa, alitangaza kwamba atagombea tena kwa shingo upande. Akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaimba, "Tulia, mwanangu, tulia." Nchi nzima ikalipuka kwa vigelegele. Magazeti yaliandika kwamba Mheshimiwa ametunga wimbo huo ndani ya ndege, akituwazia kutoka juu. Wachambuzi wakaeleza kwamba kichwa ni taifa, mikono ni uongozi, na wembe ni maendeleo.

Siwema alipousikia redioni alitoka mbio na mwiko mkononi.

"Mwalimu! Mwalimu, njoo usikie! Mume wangu anaimbwa na Rais!"

Nikamwambia hiyo ni heshima ambayo kinyozi wa kawaida haipati hata akinyoa mawaziri. Alifurahi sana. Alipika pilau siku ile, akatuletea sahani.

*

Bunge letu lilikuwa likizo, lakini kwa jambo la dharura wabunge waliitwa wakapitisha Sheria ya Kulinda Sauti Tukufu. Sheria ilisema kwamba kila neno, wimbo, mluzi au kikohozi kilichotoka kinywani mwa Rais ni mali ya Rais, "kuanzia sasa na kurudi nyuma kadiri itakavyohitajika." Mbunge mmoja aliuliza kama huko nyuma kuna mwisho. Alipongezwa kwa swali zuri, na hivi sasa ni balozi wetu katika nchi ya barafu.

Mwanzoni sheria ilileta usumbufu mdogo. Mheshimiwa hupenda kufungua hotuba zake kwa "Hamjambo wananchi", kwa hiyo kwa majuma kadhaa watu waliogopa kujuliana hali. Tulipokutana njiani tuliinuliana nyusi. Mwishowe msemaji wa serikali akatangaza kwamba Mheshimiwa, kwa huruma yake, amewaazima wananchi "hamjambo" mpaka uchaguzi upite. Akaongeza kwamba "shikamoo" itaendelea kutumika bila kibali, kwa kuwa Mheshimiwa hajawahi kumwamkia mtu.

Lakini mali isiyo na mlinzi huibiwa. Ndipo serikali ikagawa simu. Kila nyumba ilipewa Simu ya Upendo, nyembamba, nzuri, yenye picha ya Mheshimiwa mbele na kisogo cha Mheshimiwa nyuma. Haikuwa na kitufe cha kuzimia. Waziri mhusika alieleza kwamba mapenzi hayazimwi. Simu zetu za zamani zilikusanywa kwenye uwanja wa mpira, zikatandazwa chini, greda likapita juu yake huku bendi ya polisi ikipiga.

Kabla ya kusagwa, vijana wa kampuni iliyotengeneza simu mpya walihamisha vilivyokuwemo: majina, picha, rekodi. Siwema alimsimamia kijana aliyeshika simu yake kama mtu anayemsimamia mchinjaji.

"Imeingia?"

"Imeingia, mama."

"Yote? Na kicheko?"

"Na kicheko chake, mama. Nenda nyumbani."

Alasiri ile aliketi kibarazani, akabonyeza. Simu ikatoa sauti ya binti mchangamfu:

"Mpendwa mwananchi, hongera! Sauti uliyochagua imetambuliwa kuwa mali ya Mheshimiwa Rais. Tumeifunga ili kukulinda usije ukatenda kosa. Itafutwa baada ya uchaguzi. Ukiwa na maoni, tabasamu mbele ya kioo."

Akabonyeza tena. Binti akampongeza tena. Akaja kwangu ameibeba simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Mwalimu, hii imepatwa na nini?"

Nikaisikiliza. Nikamwambia ni kutoelewana kidogo, tutaliweka sawa, serikali yetu ina masikio.

"Masikio inayo, shemeji," akasema. "Imeyaleta mpaka mezani kwangu."

*

Tulikwenda kwenye Mamlaka ya Hakimiliki na Shukrani, jengo refu lenye lifti ya kupanda tu. Kushuka ni kwa ngazi. Taifa linapanda, na mlinzi alituambia kwamba haipendezi mtu aonekane akishushwa na mtambo wa serikali.

Aliyetupokea ni kaimu naibu msajili, kijana aliyeitwa Bwana Sanze. Alikuwa na tai iliyombana na uso wa mtu aliyelala vibaya. Simu ya Upendo ilikuwa imesimamishwa mbele yake, inatutazama.

"Mnadai nini?"

"Sidai, mwanangu," akasema Siwema. "Nataka kumsikia mume wangu."

Akaeleza yote: kibanda, wembe, chai, rekodi. Bwana Sanze alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nalitaja kwa sifa.

"Mtunzi mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Basi yeye ndiye aje. Wewe, mama, huna wimbo. Una masikio tu."

"Nimekwambia amefariki."

"Nimesikia. Na marehemu hawezi kudai. Sheria iko wazi: mdai awe hai, awe na akili timamu, na awe anaunga mkono."

Nikaona nisaidie. "Bwana Sanze, mimi ni shahidi. Nimo ndani ya rekodi. Athmani aliuimba wimbo huu kabla ya Mheshimiwa."

Akaweka kalamu chini. "Kabla?"

"Kabla."

"Mzee wangu, rudia polepole, kwa faida yako. Unasema marehemu alimtangulia Rais?"

Nikaitupia jicho ile simu. "Kwa wimbo tu," nikasema.

"Msafara wa Mheshimiwa ukiwa unakuja, wewe ukatangulia mbele yake barabarani, ni kosa au si kosa?"

"Ni kosa." Hilo nimelifundisha mwenyewe darasa la nne.

"Na kwenye wimbo ni hivyo hivyo. Huyu marehemu alikuwa mbele ya Rais bila kibali, tena muda mrefu. Bahati yake amekufa."

Siwema alikunjakunja pindo la kanga yake. Kisha akasema, "Basi nikuimbie mimi, usikie tofauti. Yeye alikuwa akifika kwenye 'kichwa chako' anaivuta kidogo."

Bwana Sanze akainuka nusu kwenye kiti, akailaza simu kifudifudi, akaifunika kwa faili. Akainama kwetu.

"Mama, usiimbe humu," akanong'ona. "Nakuomba. Baba yangu alikuwa na mluzi wake. Akikaribia nyumbani anaupiga, sisi watoto tunakimbilia mlangoni. Mheshimiwa aliupiga siku ya sherehe za uhuru, mbele ya mabalozi. Tangu siku hiyo baba anaingia nyumbani kimya kama mwizi."

Akaiinua simu, akaisimamisha pale pale, akanyoosha tai.

"Maombi yenu yamepokelewa kwa masikitiko," akasema kwa sauti. "Anayefuata!"

Tulishuka kwa ngazi.

*

Habari zilimfikia kiongozi wa upinzani, akaja mtaani na wapiga picha wengi kuliko wafuasi. Alimkumbatia Siwema, akamwachia, akamkumbatia tena kwa sababu mara ya kwanza taa ilikuwa haijawaka.

"Tukishinda," akasema, "wimbo huu utarudi mikononi mwa wananchi wote!"

"Na mimi?" akauliza Siwema.

"Wewe si mwananchi?"

"Mimi ni mkewe."

Kiongozi akacheka kwa upendo, akasema mambo hayo yako kwenye ilani. Wiki iliyofuata tulimsikia akiimba wimbo ule ule kwenye mkutano wake, ila aliondoa neno "tulia" akaweka "amka". Watu walisema haunogi.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na Siwema alikuwa amekonda. Alikuwa bado anaketi kibarazani kila alasiri, simu mapajani, bila kuibonyeza. Nikamwambia asubiri, mambo mazuri hayataki haraka. Akanitazama.

"Kwa mtumishi nimefika," akasema. "Sasa nitakwenda kwa bwana mwenyewe. Unanisindikiza au hunisindikizi?"

Nikamsindikiza. Mkutano wa kufunga kampeni ulijaa mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Wanawake walipewa kanga na kuketishwa mbele, nami nikapenya kama mkalimani wake, ingawa sote tunasema lugha moja na Rais. Mheshimiwa alipoanza kuimba, Siwema alilia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalimtoka tu, mdomo ukitetemeka, akifuata maneno. Kamera ikamwona. Uso wake ukatokea kwenye kioo kikubwa juu ya jukwaa, mkubwa kama nyumba, unalia. Umati ukanguruma. Mheshimiwa akageuka, akautazama, akafurahi.

"Mleteni mama yule!"

Tulipandishwa jukwaani, mimi nikiwa nimemshika mkono. Bendi iliendelea kupiga, kwa hiyo waliosikia yaliyosemwa pale ni sisi na mpambe mmoja tu. Nilimwona Mheshimiwa kwa karibu kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa umepakwa poda, na chini ya poda alikuwa mzee kama mimi, pengine kunizidi. Mkono ulioshika kipaza sauti ulikuwa ukitikisika.

"Unalilia nini, mama?"

"Wimbo huu ni wa mume wangu, Mheshimiwa," akasema Siwema, wala hakupepesa macho. "Alikuwa kinyozi. Amekufa. Simu zenu zimeifunga sauti yake. Wimbo kaa nao, sina haja nao. Nirudishie sauti."

Mheshimiwa alikishusha kipaza sauti. Nikaona kitu kikipita usoni mwake, sijui nikiite nini.

"Kinyozi," akasema, kana kwamba anaonja neno. "Mimi huletewa tu, mama. Huambiwa hapa uimbe, hapa ucheke. Hata nikitaka kunyamaza…" Akageuza macho nyuma. Mpambe akakohoa. Mheshimiwa akaunyanyua mkono ule unaotikisika, akakileta kipaza sauti mdomoni, na sauti yake ikarudi, nzito, imejaa.

"Wananchi! Mama huyu analia kwa mapenzi! Anasema hawezi kuishi bila sauti! Nami, kama baba, naagiza: apewe sauti! Apewe haraka!"

Uwanja ukapaa. Siwema akanishika bega kwa nguvu mpaka akaniumiza.

"Umesikia?" akanipigia kelele sikioni. "Kasema apewe! Shemeji, kasema apewe!"

Njia nzima ya kurudi alikuwa akicheka na kujifuta machozi. Mimi nilimwambia, si nilikwambia? Serikali ikifikiwa, inafikika.

*

Kesho yake alasiri aliniita. Alikuwa amevaa nguo nzuri, ametandika mkeka mpya kibarazani na kuchemsha chai kama ya siku ile. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na maua yanayochanua na maandishi: "Hongera! Kwa agizo la Mheshimiwa, rekodi yako imefunguliwa na kuboreshwa."

"Kuboreshwa ndiyo nini?" akauliza.

"Labda wameondoa vumbi," nikasema.

Akabonyeza. Wembe ukakwaruza. Niliujua ule mkwaruzo, nikajishika shingo bila kutaka. Kisha sauti ikaanza, "Tulia, mwanangu, tulia," na ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Rais. Kikombe cha chai kikagonga sahani, kama kilivyogonga siku ile. "Kichwa chako ki mikononi mwangu," akaimba Mheshimiwa. Nikajisikia mwenyewe nikisema, "Polepole hapo sikioni, bwana." Na Mheshimiwa akacheka. Akacheka kidogo tu, halafu akaendelea.

Siwema hakupiga kelele. Aliitazama simu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta mgeni amelala kitandani, amejifunika shuka lake, na wala hana wasiwasi.

Rekodi ile ilitumwa nchi nzima, ikapewa jina Rais na Mzee wa Kawaida. Mzee wa kawaida ni mimi. Tangu hapo napishwa kwenye foleni, na shule moja imeniomba nikawaeleze wanafunzi jinsi mtu anavyojisikia akinyolewa na Rais. Waliniuliza kama mkono wake ni mwepesi. Nikawaambia mkono ulioninyoa ulikuwa mwepesi sana. Wakapiga makofi. Siwema alizisikia habari hizo, akaendelea kuosha vyombo vyake.

Siku ya kupiga kura tulikwenda pamoja. Karani wa kituo, binti mwenye miwani, alipitisha kidole kwenye majina.

"Bi Siwema, upo. Na huyu Athmani Mbaruku ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Yeye ameshapiga kura. Alipiga mapema asubuhi."

Nilidhani sasa Siwema ataanzisha vurugu, atauliza imekuwaje marehemu asiyeweza kudai wimbo aweze kuchagua kiongozi. Hata maneno ya kumtuliza nilishayaandaa. Lakini aliegemea meza kwa mikono yote miwili.

"Alikuja?" akauliza. "Alisema chochote? Mwanangu, kuna aliyemsikia akisema?"

Karani akanitazama mimi, akamtazama askari mlangoni, kisha akautazama uso wa Siwema. Akavua miwani.

"Hakusema, mama," akajibu taratibu. "Wanaokuja mapema huwa hawasemi."

Siwema akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akachukua karatasi yake, akaingia kupiga kura. Sijui alimpigia nani. Matokeo yalionyesha kwamba sote tulimpigia mmoja.

*

Mvua za kwanza zilipoanza alikuja kwangu, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, jana nilitaka kumkumbuka," akasema. "Uso wake naupata. Mikono naipata. Akifungua mdomo, anatoka yule."

Nikamimina chai, nikamsogezea kikombe.

"Wewe umeketi kwenye kiti chake miaka mingi. Masikio yako yalikuwa pale karibu. Niimbie alivyokuwa akiimba. Si lazima uipatie yote. Nipe mwanzo tu, nitajijazia."

Nikaichukua simu yangu, nikaiviringisha kwa blanketi, nikaitia kwenye sufuria kubwa, nikafunika kwa mfuniko, na juu ya mfuniko nikaweka kinu. Nikafunga dirisha. Nikakohoa kusafisha koo. Athmani alikuwa wazi kabisa kichwani mwangu. Niliisikia harufu ya sabuni, vidole vyake vikinigeuza kidevu, sauti ile nene ikipanda kutoka kifuani na kukatika kidogo kabla ya "mwanangu". Vyote vilikuwemo. Siwema akafumba macho.

Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya Rais.

Nikaacha, nikaanza upya, chini zaidi. Ikatoka ile ile, pana, yenye kujisikia. Mara ya tatu nilijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, nikafika mwisho wa mstari wa kwanza, na nikajikuta nimenyamaza kidogo, pale pale anaponyamaza yeye kuwaachia watu nafasi ya kushangilia.

Siwema alifumbua macho. Alinyoosha mkono, akaniwekea begani kama tunavyomwekea mtu aliyefiwa.

"Basi, Mwalimu," akasema. "Umejaribu."

Akatoka, akajifunika kanga kichwani kwa ajili ya mvua. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba, na kutoka ndani ya sufuria simu ikaanza kunipigia makofi.